Kutu ya Upanga wa Luteni Magara

Tsuruoka, Machi 9, 1958

Na si kwamba nazidisha chumvi, Mjomba, anaimba kweli anaponyoa ndevu! Uliniandikia kwamba kila mume ni malaika mwezi wa kwanza, nisubiri wa tatu ndipo nizungumze. Haya, leo ni siku ya arobaini na moja, nimezihesabu, na Yoshitaka wangu bado anaimba, bado ananisogezea kipande cha samaki chenye mafuta, na jana aliporudi shuleni anakofundisha alichomoa kwenye mkono wa koti chipukizi la kwanza lililotoboa theluji, akasema, "Nilipoliona nikakuona wewe." Nilicheka mpaka nikamwaga supu. Mama mkwe akakohoa chumba cha pili, kile kikohozi cha kutukumbusha kwamba kuta zetu ni za karatasi.

Shikamoo, Mjomba. Furaha imenisahaulisha salamu. Kifua chako kinaendeleaje? Bibi Hatsu wa jirani bado anakuletea figili za chumvi? Na paka bado analala juu ya mawe yako ya kunolea? Sisi wazima. Theluji inayeyuka, maji yanatiririka mchana kutwa, na Mama mkwe amenifundisha supu ya chewa pamoja na ini lake. Anasema mkono wangu bado ni wa Seki, mzito wa chumvi, lakini anakula.

Sasa habari yenyewe. Theluji ilivunja kona ya paa la ghala. Jumapili Yoshitaka alipanda kuziba, akateremka na kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi za mafuta. Mama mkwe alipokiona alikaa chini palepale kwenye matope. Mjomba, ni upanga wa baba mkwe, Luteni Magara Nobuyasu, aliokufa nao China mwaka 1944! Askari wake mmoja aliyejeruhiwa ndiye aliyeurudisha. Sanduku la mifupa lililokuja baadaye lilikuwa na karatasi yenye jina lake, basi, hakuna mfupa hata mmoja. Vita vilipokwisha na panga zikawa zinakusanywa, Mama mkwe aliupandisha darini, na miaka kumi na tatu hakumwambia hata mwanawe.

Yoshitaka ni mwalimu, anaogopa sheria, kwa hiyo tuliripoti polisi. Hawakutugombeza. Wametupa karatasi ya kwenda nayo kwa wakaguzi wa mkoa Aprili 10. Haya unayajua kuliko mimi: wakiona ni upanga wa kale uliofuliwa kwa mkono, unaandikishwa na unabaki nyumbani. Wakiona ni wa kiwanda cha wakati wa vita, unachukuliwa ukakatwe. Mama mkwe hana hofu hata chembe. "Huu ni wa mababu zake," anasema. "Umevishwa tu nguo za jeshi." Tena mfuaji wake ni Kanetsuyu, wa mji wako wa Seki, miaka mia tatu iliyopita! Si ajabu hiyo? Upanga wa Seki, na bibi harusi wa Seki!

Nami, mpwa wa mnoaji wa panga, ningekaa bure? Mama mkwe alipokwenda hekaluni niligonga kile kijiti cha mwanzi kikatoka, nikavua mpini. Lile shina linalojificha ndani ya mpini lilikuwa limejaa kutu, aibu tupu. Nililisugua kwa majivu, kisha kwa msasa wa Yoshitaka, mpaka likang'aa kama sufuria mpya. Herufi za Kanetsuyu zimejitokeza safi kabisa! Haya, nisifu.

Mpwa wako mwenye bahati kuliko wote,
Misao


Seki, Machi 16

Misao,

Marahaba. Kifua kipo. Paka yupo. Bibi Hatsu yupo, na figili zake zipo, chumvi tupu.

Umefanya nini, mwanangu? Kutu ya shina haiguswi. Haiguswi! Mnoaji anaweza kuugeuza upanga wote ukawa kioo, lakini shina huliacha kama alivyolikuta, hata kama linamchefua. Kutu ile ndiyo cheti cha kuzaliwa. Ya miaka mia tatu ni nyeusi, imetulia, ukipitisha kidole hakichafuki. Ya juzi ni nyekundu na inakuachia unga. Mkaguzi akipewa upanga huvua mpini na kutazama kutu kabla hajatazama makali. Wewe umechukua msasa ukafuta kila kitu, sasa unaomba sifa.

Kosa ni langu. Utoto wako wote uliniona nikinoa visu vya jikoni na mikasi ya mafundi cherehani, na nilipozirudia panga ulikuwa sekondari, nikakukataza hata kuingia chumbani. Ningekufundisha.

Sasa sikiliza. Usisugue tena. Paka mafuta kidogo kwenye ubapa, usiongee ukiwa umeushika, mate ya mtu huzaa kutu. Tandaza karatasi nyembamba juu ya shina, isugue kwa wino mkavu hadi herufi zitokee, uniletee. Na unikumbukie vizuri: kutu uliyoitoa ilikuwa rangi gani?

Usimwambie Mama mkwe wako kwamba umeniuliza.

Denkichi


Tsuruoka, Machi 24

Shikamoo, Mjomba.

Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Yoshitaka aliisoma barua yako akashika tumbo. "Mke wangu ana mikono ya ajabu," akasema. "Kesho nitamkuta amemsugua Buddha wa hekaluni hadi awe wa bati." Nikamtupia kitambaa cha vyombo. Mama mkwe hakucheka. Alilitazama lile shina linavyometameta, akasema polepole, "Ulitaka kunifurahisha." Ni bora angenizaba kofi.

Ya kutomwambia nimeshindwa. Nyumba hii ina watu watatu na siri hazina pa kukaa. Tena ya nini kuficha? Alifurahi aliposikia nimekuandikia.

Nakala ya karatasi nimeiweka humu. Kutu, nikisema kweli, ilikuwa nyekundu. Maji ya kusuuzia yalikuwa kama ya matofali. Lakini dari ilivuja miaka yote hiyo, huenda ni unyevu? Niambie ni unyevu.

Nikueleze kwa nini nina wasiwasi. Mama mkwe ana miaka hamsini na moja. Aliwahi kuletewa wachumba wawili, akawafungia mlango. Upanga wenyewe hajawahi kuuchomoa, maana nyumba hii kazi ya kuuchomoa na kuupaka mafuta ilikuwa ya wanaume, na uliporudi alikuwa peke yake, akauficha ulivyofungwa. Sasa anasema ukiandikishwa atauweka mbele ya kabati la marehemu sebuleni, pale anapomwekea chakula, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe, mwezi Juni, na kwa mara ya kwanza ataweka wali mbele ya kitu kilichokuwa mkononi mwake. "Miaka kumi na minne ninapikia karatasi," aliniambia. Mjomba, hauwezi kukatwa ule.

Jambo jingine dogo. Kwenye bafu la mtaa wanawake hawanichoki. "Bibi harusi wa Seki! Treni mchana kutwa na usiku kucha! Huku wasichana walikwisha?" Mmoja akauliza mnoaji wa Seki alijuanaje na akina Magara, nikaondoka na swali hilo. Mama mkwe ndiye aliyenieleza nyumbani: kila mwaka mpya tangu 1947 unamletea kadi, "fundi aliyewahi kumhudumia Luteni." Na ni wewe uliyeandika kwanza kwamba una mpwa. Hukuwahi kuniambia! Ulimhudumia nini? Nami nilidhani mshenga alituokota tu kutoka kwenye daftari lake, bahati kama mvua. Sasa naona ilikuwa bahati yenye mkono wako, na nakupenda zaidi.

Misao


Tsuruoka, Aprili 12

Shikamoo, Mjomba.

Hujajibu. Wiki tatu karibu. Naomba iwe ni posta na si kifua.

Ukaguzi ulikuwa juzi, Yamagata mjini, kwenye ukumbi wa serikali. Watu walipanga foleni hadi nje, panga zimefungwa kwenye mashuka na vitambaa vya miavuli. Mzee mmoja mbele yetu aliuleta wake ndani ya godoro lililokunjwa, akawa analibembeleza kama mtoto. Mama mkwe alivaa kimono chake cha rangi ya majivu. Wakaguzi walikuwa watatu. Wa kwanza, mnene, mwenye miwani, alivua mpini akashtuka.

"Nani amelisugua hili?"

"Mimi."

"Wewe nani hapa?"

"Mke wa mwanawe."

"Wa tangu lini?"

"Januari."

Foleni nzima ikacheka. "Bibi harusi," akasema, "umeosha upanga kama chungu cha wali. Bahati ya huyo mume hujamwosha hivyo." Yoshitaka aligeuka rangi ya nyanya, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kisha kicheko kikaisha. Aliuinua kwenye taa, akaugeuzageuza. "Ule ukungu mweupe wa kando ya makali haupumui. Umelala kama umechorwa. Huu ulipotoka motoni ulizimwa kwa mafuta, si kwa maji. Kiwanda." Wa pili akaitikia, "Kiwanda." Niliona mkono wa Mama mkwe ukishika ukanda wake. Wa tatu, mzee mkavu, alikuwa bado anatazama herufi. "Jina limechongwa na mkono unaojua kazi," akasema. "Na ubapa umechafuka, nyuzi za chuma hazionekani. Shina nalo halisemi tena, amelifunga mdomo bibi harusi huyu. Sitii muhuri."

Walinong'onezana, wakaamua hivi: upanga ukae kituo cha polisi cha Tsuruoka hadi Mei 20. Kabla ya hapo mnoaji anayejulikana afungue dirisha, maana yake ang'arishe sehemu ndogo tu ya ubapa, ukubwa wa kidole gumba, aangalie chuma cha chini, na aandike neno lake.

"Mna mnoaji?"

Mama mkwe akasema, "Mjomba wa huyu ni Hirose Denkichi wa Seki."

Yule mzee mkavu akainua kichwa. "Denkichi? Basi neno lake litatosha."

Mjomba, nilitaka kumkumbatia! Unaona? Ujinga wangu wa msasa umetuachia mlango wazi, na wewe ndiye wa kuupita. Njoo. Kama kutu ingekuwepo wangeukata juzi hiyohiyo. Harusini hukuja kwa ajili ya mgongo, nikakusamehe. Sasa njoo unione nilivyo na furaha, ufungue hilo dirisha, useme ni Kanetsuyu. Mama mkwe ameshaanika godoro la mgeni.

Misao


Seki, Aprili 19

Misao,

Marahaba. Nakala yako niliipata mwezi uliopita. Si posta.

Maua ya mcheri yamekwisha huku, mvua iliyapiga. Paka amezaa, wanne, mmoja amekufa. Mgongo haupandi treni.

Wapo wanoaji wazuri Sendai. Mtafute mmoja wao. Mimi usiniombe.

Mwambie Mama mkwe wako asinianikie godoro.

Denkichi


Tsuruoka, Aprili 27

Mjomba,

Salamu nitaziweka mwisho, nikiwa bado na moyo wa kuzitoa.

Mama mkwe anakwenda kituo cha polisi kila asubuhi. Anachukua kiti kidogo, anakaa mbele ya kabati ulimofungiwa upanga. Askari wa zamu mwanzoni alimtania, "Mama Magara, hautoroki huo, hauna miguu." Sasa hamtanii tena, anampa chai. Akirudi anasema kidogo, anakula kidogo. Jana aliniuliza, "Mjomba wako amekasirika nimelitaja jina lake?" Nikamdanganya kwamba unaumwa. Uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii, nimeusema kwa ajili yako.

Yoshitaka alisema, kwa upole wake, "Labda mjomba ameona kwenye ile nakala kitu asichotaka kukisema." Nikamkaripia. Nikamwambia hakujui, kwamba ulinibeba mgongoni kutoka kwenye moto wa mabomu Gifu baba na mama walipokufa, na huwezi kuogopa kipande cha chuma. Tumeshinda siku mbili hatusemezani. Siku mbili, Mjomba! Nilikuwa sijui kwamba nyumba yenye mpenzi ndani yake inaweza kuwa baridi hivi.

Ikiwa ni wa kiwanda, andika ni wa kiwanda. Ikiwa ni wa Kanetsuyu, andika hivyo. Ikiwa hujui, na sijawahi kukuona hujui, andika hujui. Lakini usiniandikie habari za paka.

Shikamoo.

Misao


Seki, Mei 5

Mpwa wangu Misao,

Marahaba. Nimeichana barua hii mara tano. Hii ya sita itakwenda.

Ni wa kiwanda. Sihitaji dirisha. Lile jina nimelichonga mimi.

Luteni Magara alikuja kwangu mwezi wa Juni 1943, kikosi chake kikisubiri meli Nagoya. Alileta upanga wa mababu zake ili uvishwe mpini na ala za jeshi. Kanetsuyu halisi, nyuzi za chuma kama mbao ya msonobari, sijashika mzuri kama ule tena. Nilipousafisha nikaona ufa kwenye makali, mwembamba kama unywele, karibu na ncha. Nikamwonyesha. Upanga wenye ufa wa makali ukipigwa mara moja unakatika. Akasema, "Basi nisiende nao ukavunjikia ugenini." Akaniachia niutunze hadi arudi. Mahali pake nilimpa mmoja kati ya zile tulizokuwa tunang'arisha kwa mamia kwa ajili ya jeshi. Akaniomba nimchongee jina lilelile, kwa sababu nyumbani wangeona vibaya akienda vitani bila wa mababu. Alisubiri siku mbili kazi iishe. Alikaa kwenye benchi langu, amevua buti. Nilichonga, nikalipaka shina maji ya chumvi lishike kutu haraka. Ndiyo maana kutu yako ilikuwa nyekundu. Ulipotuma nakala nilitambua mkono wangu. Kuna mchongo mmoja ambao huwa unanikimbilia kushoto.

Mwaka 1945 ilipotoka amri ya kukusanya panga, wake niliuzika chini ya sakafu. Nilishapata habari kwamba amekufa. Nilikusudia kuupeleka kwa mjane. Kisha ikaja Februari 1946. Labda hukumbuki yote, ulikuwa na miaka kumi. Miguu yako ilivimba, ukibonyezwa kidole shimo lilikuwa linabaki. Ulikuwa umeacha kulia kwa njaa, na hapo ndipo niliogopa. Alikuja mtu kutoka mashambani aliyekuwa akiwatafutia wageni vitu vya kale. Alinipa magunia mawili ya mchele na debe la viazi vitamu. Nilifukua sakafu. Sijui uliishia wapi. Wewe ulikula upanga ule hadi Mei, ukapona.

Nikamwandikia mjane kadi ya mwaka mpya ili nimweleze. Nikaandika salamu tu. Mwaka uliofuata vilevile. Miaka kumi nikiandika salamu. Aliponiambia kwamba mwanawe amefikia umri wa kuoa, nilikuwa na kitu kimoja tu katika nyumba yangu chenye thamani ya kupelekwa nyumba ile. Nilikupeleka wewe. Nilijiambia kijana ni mwema, na ni mwema, barua zako zinasema. Lakini nisikudanganye kwamba niliwaza hilo peke yake. Harusini mgongo haukuwa unauma.

Ningeweza kuja, nikafungua dirisha, nikaandika ni Kanetsuyu. Wangeniamini. Mama mkwe wako angefurahi nawe ungefurahi. Nilikaa wiki tatu nikiwaza nifanye hivyo. Lakini nimeshaidanganya nyumba ile mara moja kwa mkono huu, na sitaki kufa nimeidanganya mara mbili.

Msomee au usimsomee, ni juu yako.

Denkichi


Tsuruoka, Mei 15

Mjomba,

Barua yako nilikaa nayo kwenye mkono wa kimono siku tatu, nikipika nayo, nikifua nayo. Nilidhani niliolewa, Mjomba. Kumbe nilipelekwa mahali pa kitu kilichopotea. Nilizitazama zile barua zangu zote nilizokuandikia, maua na nyimbo na samaki, nikaona haya kana kwamba nilikuwa nikicheza ngoma kwenye msiba na watu wamenyamaza kwa heshima.

Nilimwambia Yoshitaka kwanza. Tulikuwa nyuma ya ghala, anapasua kuni. Alisoma mpaka mwisho, akaketi kwenye gogo. Nikamwambia, "Sema sasa. Mimi ni magunia mawili ya mchele na debe la viazi." Akasema, "Mjomba wako alileta picha tu, Misao. Ninayo hadi leo. Mpiga picha alikuwahi, ukafumba jicho moja. Mama alisema tuombe nyingine. Nikasema nataka huyuhuyu wa jicho moja. Hakuna upanga mle." Kisha akainama, akalia, na sikujua analia kwa ajili yangu au ya baba yake. Nilimshika kichwa. Hilo jibu lake nimelichukua, Mjomba, nalihifadhi. Lakini ni lake, si lako. Lako bado nalingoja.

Jioni tulikaa na Mama mkwe mbele ya kabati la marehemu, nikamsomea yote. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye miguu yangu iliyovimba nilimpa Yoshitaka barua, akaendelea. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akaloweka mchele wa kesho, akaenda kulala.

Siku nne hakuniita jina. Alikuwa akisema "hebu," au "chukua." Hakwenda kituoni. Ya tano, asubuhi, tukiwa tunamenya machipukizi ya mianzi, akasema bila kuinua macho:

"Nisomee tena pale alipokaa."

Nikaileta barua. "Alikaa kwenye benchi langu, amevua buti."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

"Alikula nini?"

Nikatafuta. Nikageuza karatasi. "Hakuandika, Mama."

"Mtu hakai siku mbili bila kula," akasema, na kisu kikasimama mkononi mwake. "Huku aliondoka Aprili, asubuhi, hakumaliza hata chai, gari lilikuwa linapiga honi. Barua zake kutoka Nagoya zilisema yu mzima, basi. Mimi namjua hadi ile chai. Kumbe yupo mtu aliyemwona siku mbili nzima, hana haraka, amevua viatu. Na mtu huyo miaka kumi ananiandikia heri ya mwaka mpya."

Akavaa kile kimono cha majivu, tukaenda kituoni. Alimwambia askari, "Huu ni wa kiwanda. Aliyechonga jina amekiri. Andikeni, msiwasumbue wakaguzi." Yule askari, maskini, alitaka kumbembeleza: "Mama Magara, bado siku tano, nani ajuaye?" Mama mkwe akasema, "Mimi najua. Lete karatasi nitie muhuri wangu." Chuma wamekichukua. Mpini na ala sheria inaturuhusu. Askari aligonga kijiti kwa mikono yake mwenyewe, akampa mpini kwa mikono miwili. Kamba yake ni nyeusi upande mmoja, pale kiganja kilipokuwa kikishika, na chini ya kamba ngozi ya samaki taa imelika. Njia nzima ya kurudi aliubeba ndani ya nguo, kifuani. Nyumbani ameuweka kwenye kabati la marehemu. Leo ameupikia wali.

Sasa nakuandikia alivyoniagiza, neno kwa neno. "Mwambie sijamsamehe, asije akajipa moyo. Mtoto mwenye njaa hulishwa, hilo silisemi. Nasema miaka kumi ya kadi. Mwambie asife kabla sijafika." Hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa isipokuwa ile siku ya harusi ya dada yake, na treni humtapisha, lakini ameshauliza nauli. Anataka kukaa kwenye benchi lile. Anataka umwambie saa kwa saa: aliingia akisema nini, alilala upande gani, alikula nini na nani alimpikia, kama alicheka, kama alitaja mtu. Ukikumbuka, sema. Ukiwa umesahau, sema umesahau, Mjomba, usitunge. Jina moja ulilotunga linatosha.

Yoshitaka hawezi kuacha wanafunzi, kwa hiyo ni mimi na yeye. Mimi nitakaa pembeni. Sijui nitakuamkia vipi nikikuona, nimejaribu mbele ya kioo na shikamoo haitoki. Usifagie, usinunue kitu, usimwite Bibi Hatsu. Uwepo tu. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Misao